Soko la nyumba limepoa Nairobi: mwongozo kamili kwa mwenye nyumba mwenye wasiwasi

Pita barabara ya Kindaruma au Kirichwa pale Kilimani uangalie mageti. Vibao vya nyumba za kupangisha na kuuzwa vimepangana, vingine jua limevichuja rangi hadi namba ya simu haisomeki. Kisha ukitafuta mtandaoni fleti ya vyumba vitatu inayofanana na yako, unaikuta imetangazwa kwa bei ile ile ya mwaka juzi, na bado haijapata mtu. Mwenye nyumba akiona hayo, usingizi humruka, hasa kama bado analipa mkopo.

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kununua, si wa anayetafuta. Msimamo wangu nautoa mapema: bei ikishuka haikuumizi mpaka siku unayouza, au siku benki inapoiuza nyumba yako kwa sababu ya deni. Kwa hiyo usihangaike kubashiri soko. Hangaika kuhakikisha kwamba siku hiyo unaichagua wewe. Hatua zote hapa chini zinalenga hilo.

Kabla ya lolote, jua ni soko lipi limepoa

Watu wengi husoma habari za Marekani ya 2008, soko la nyumba lilipoanguka, na kudhani kwetu mambo huenda vivyo hivyo. Hayaendi. Marekani nyumba nyingi hununuliwa kwa mkopo wa benki, kwa hiyo riba ikipanda soko zima hutetemeka. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Wengi wetu hujenga polepole kwa pesa taslimu, kwa mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo), au humlipa mjenzi kwa awamu. Benki Kuu ya Kenya ilifikisha riba yake asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kuipunguza Agosti mwaka huo, na kufikia Oktoba 2025 ilikuwa asilimia 9.25. Riba ikashuka hivyo, na vibao vya Kilimani bado vipo.

Sababu kubwa ni wingi. Nyumba moja ya zamani yenye bustani ikibomolewa Kileleshwa, mahali pake panasimama jengo la orofa kumi na kitu, na jirani yake naye anauza kiwanja kwa mjenzi mwingine. Fleti yako haishindani na nyumba kuukuu tu. Inashindana na mpya kabisa iliyo ng'ambo ya barabara, yenye bwawa la kuogelea na mjenzi aliye tayari kulipwa kwa miaka mitatu.

Halafu kuna hili: Nairobi bei haianguki hadharani. Mjenzi hapunguzi bei kwenye tangazo, kwa sababu wanunuzi wake wa kwanza wangemjia juu. Badala yake anaongeza makabati ya jikoni, anafuta ada ya huduma ya mwaka wa kwanza, analipia wakili, au anarefusha muda wa awamu. Bei inabaki pale pale kwenye karatasi huku mfumko wa bei ukiitafuna. Kama mfumko ni asilimia 5 kwa mwaka, fleti uliyoinunua kwa shilingi milioni 10 inapaswa kufika milioni 16.3 baada ya miaka kumi ili tu usiwe umepoteza kitu. Ukiiuza kwa milioni 10 ile ile, umepata hasara, ingawa hakuna atakayekuambia.

Na soko si moja. Nyumba yenye hati yake na kiwanja chake haiendi sawa na fleti ya orofa ya tisa. Bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja, za Roysambu au Kahawa Wendani, wanakokaa wanafunzi, zina mwendo wake. Ukisikia "nyumba zimeshuka bei", uliza: nyumba za aina gani, mtaa gani? Jibu likikosekana, iache habari hiyo ipite.

Hatua ya kwanza: pata bei halisi ya nyumba yako

Bei ya tangazo ni matumaini ya mwenye nyumba. Usiitumie hata kwa hesabu za kujifurahisha.

Mlipe mthamini aliyesajiliwa na bodi ya wathamini, na umwombe akuandikie thamani mbili: ya soko, na ya mauzo ya lazima. Hiyo ya pili huwa chini kwa takriban robo, na ndiyo benki inayoiangalia ukishindwa kulipa. Nyumba ikithaminiwa milioni 10 nawe unadaiwa milioni 8, kwa macho ya soko umesalia na milioni 2. Kwa macho ya mnada, huna kitu.

Kisha waulize waliouza kwenye jengo lako au mtaa wako. Mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba hujua, na kama hajui, mlinzi wa getini anajua nani alihama, alihama lini na nani aliingia.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi: kodi ya nyumba. Tuseme fleti ya milioni 10 inapangishwa kwa 60,000 kwa mwezi. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, zinabaki 660,000 kwa mwaka. Toa ada ya huduma ya 8,000 kwa mwezi, yaani 96,000. Toa ushuru wa mapato ya kodi, asilimia 7.5, ambayo ni 49,500. Weka 30,000 za ukarabati. Mkononi mwako zinabaki 484,500, hazifiki asilimia 5 ya bei. Hati fungani za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo, bila bomba kupasuka saa nane usiku. Mnunuzi mwenye akili atapiga hesabu hii kabla hajakupigia simu, kwa hiyo ipige kabla yake, na usimshangae akikupa milioni 8.5.

Hatua ya pili: hesabu miezi yako

Chukua karatasi moja. Upande mmoja andika kila kinachotoka kwa sababu ya nyumba: mkopo, ada ya huduma, bima, ada ya ardhi ya kaunti, maji. Upande wa pili andika kinachoingia kwa uhakika. Marupurupu ya Desemba usiyaandike, wala pesa ambazo binamu ameahidi kurudisha.

Sasa jiulize: mshahara ukikatika, au mpangaji akihama, naweza kulipa miezi mingapi kwa akiba iliyopo? Chini ya mitatu, uko hatarini hata kama bei za nyumba zinapanda. Sita au zaidi, soko linaweza kupoa linavyotaka. Kama jibu ni mwezi mmoja, wacha kusoma habari za bei kwa sasa uanze kupunguza matumizi na kuweka akiba. Hiyo ndiyo kazi yako.

Pima pia riba ikipanda. Mkopo wa milioni 8 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 hulipwa kama 99,500 kwa mwezi. Riba ikifika 18, unalipa kama 123,500. Hizo 24,000 zitatoka wapi? Ziandikie jibu sasa, ukiwa na utulivu.

Hatua ya tatu: kama una mkopo wa benki

Anza na barua. Iandikie benki ikueleze riba yako imejengwaje. Mwaka 2025 Benki Kuu ilitoa mfumo mpya wa mikopo ya riba inayobadilika: riba hujengwa juu ya kigezo kiitwacho KESONIA, ambacho ni wastani wa riba ambayo mabenki hutozana yanapokopeshana kwa usiku mmoja, kisha benki huongeza sehemu yake. Sehemu ya kwanza huna uwezo nayo. Ya pili inajadiliwa, hasa kama umelipa miaka kadhaa bila kukosa. Omba ipunguzwe. Wengi hawaombi kwa sababu wanadhani riba ni kama nauli ya ndege.

Pili, angalia hati ya mshahara wako. Sheria inaruhusu riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe itolewe kwenye mapato kabla ya kukatwa ushuru, hadi 360,000 kwa mwaka. Kabla ya mwisho wa 2024 kiwango kilikuwa 300,000. Aliye kwenye ngazi ya ushuru ya asilimia 30 anaweza kuokoa hadi 9,000 kwa mwezi. Nenda na barua ya benki kwa idara inayoshughulikia mishahara. Ni ajabu jinsi watu wanavyolia juu ya soko huku wakiacha pesa hizi mezani kila mwezi.

Tatu, ukiona miezi miwili mbele itakuwa migumu, nenda benki kabla hujakosa kulipa. Anayekwenda mapema hupata nafasi ya kurefusha muda wa mkopo, au kulipa riba pekee kwa miezi kadhaa. Aliyekosa awamu tatu na kuzima simu hukutana na idara nyingine, na maofisa wake hawanywi chai na wateja. Unaweza pia kuhamisha mkopo kwenye benki nyingine, ila jumlisha gharama zote kwanza: mthamini, mawakili, kuondoa dhamana ya zamani na kusajili mpya, pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 kwenye dhamana hiyo. Kama unachookoa hakilipi gharama hizo ndani ya miaka miwili, baki ulipo.

Nne, ijue sheria, maana hofu nyingi hutokana na kutoijua. Benki haiwezi kuiuza nyumba yako kwa awamu moja iliyochelewa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ukikosa kulipa kwa mwezi mmoja na kuendelea, benki inakupa ilani ya maandishi inayotaja deni na kukupa angalau miezi mitatu ya kulirekebisha. Muda huo ukiisha, inakupa ilani nyingine ya angalau siku 40 kwamba inakusudia kuuza. Kisha huja dalali wa mnada, naye kwa kanuni za madalali anakupa siku 45 za kukomboa mali yako, na baada ya kutangaza gazetini hasubiri chini ya siku 14. Kabla ya kuuza, benki lazima ifanye uthamini na itafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huchukulia kwamba haikutimiza wajibu huo, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo.

Jumlisha uone ni miezi mingapi. Muda huo si wa kujificha. Ni wa kuuza mwenyewe. Andikia benki uombe ridhaa ya kutafuta mnunuzi. Mabenki mengi hukubali, kwa sababu mnada ni kero kwao pia. Nyumba iliyouzwa na mwenyewe akiwa ameipaka rangi na kumtembeza mnunuzi huleta bei ambayo mnada hauleti. Ilani zote zihifadhi na bahasha zake zenye tarehe. Ukifika kwa wakili, hicho ndicho kitu cha kwanza atakachouliza.

Kuna kosa moja la kuepuka kabisa: kuchukua mkopo wa sako wenye wadhamini ili kulipia mkopo wa nyumba uliokwisha kukushinda. Unapata pumzi ya miezi minne, kisha madeni yanakuwa mawili, na wafanyakazi wenzako watano wanaanza kukatwa akiba zao. Mikopo ya simu sihitaji kuieleza.

Hatua ya nne: kama umepangisha

Soko likipoa, mpangaji mzuri ana thamani kuliko marumaru. Hesabu yake ni fupi: nyumba ya 60,000 ikikaa tupu mwezi mmoja umepoteza 60,000. Ukimpunguzia mpangaji 5,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima, umepoteza 60,000 zile zile, na umebaki naye. Na hakuna nyumba inayokaa tupu mwezi mmoja tu: kuna rangi, kuna kamisheni ya ajenti, kuna wanaokuja kutazama Jumamosi na kupotea. Mpangaji analipa kwa wakati, anasema jirani kapata nyumba kama hiyo kwa bei nafuu? Mpunguzie, lakini muandikiane mkataba mpya wa mwaka.

Usikimbilie kuigeuza nyumba ya wageni wa muda mfupi kwa sababu fulani anafanya hivyo. Kilimani nusu ya jengo laweza kuwa na wazo hilo hilo. Ukitaka kujaribu, soma kwanza kanuni za jengo lako. Vyama vingi vya wenye nyumba vimeanza kukataza, baada ya sherehe nyingi za usiku.

Ushuru wa kodi ya nyumba umekuwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, ukitoka 10, kwa wenye kukusanya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hutozwa kwenye kodi yote bila kutoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi nyumba ikiwa tupu, bado wasilisha ripoti ya sufuri kwa KRA, mamlaka ya ushuru, la sivyo unalipa faini juu ya ukame.

Hatua ya tano: kama ni lazima uuze

Anza na karatasi, si picha. Katika soko lililochangamka mnunuzi husubiri hati. Katika soko lililopoa anavuka barabara. Fleti nyingi za zamani ziliuzwa kwa hati za ukodishaji wa muda mrefu, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 ikataka zibadilishwe ziwe hati za kila fleti. Kama yako haijabadilishwa, sukuma chama cha wenye nyumba sasa. Andaa pia vyeti vya kutodaiwa ada ya ardhi na kaunti na, kama ardhi ni ya ukodishaji, na serikali kuu. Hesabu miaka iliyobaki kwenye ukodishaji huo, kwani benki ya mnunuzi itaihesabu. Na kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume iwe ya maandishi kabla ya kutangaza. Mauzo mengi hufia hapo, mnunuzi akiwa tayari na pesa mkononi.

Kisha zitengeneze zile sehemu ambazo mnunuzi wa Nairobi hugusa. Hatazami dari. Anaingia jikoni, anafungua mfereji hadi mwisho na kuuacha umwagike, kisha anakwenda bafuni kufungua wa pili ili aone kama wa kwanza utapungua nguvu. Anauliza maji ya kaunti huja siku ngapi kwa wiki, kama kuna kisima cha kuchimbwa, kama jenereta huendesha lifti au taa za ngazi tu. Anachungulia ukuta nyuma ya kabati akitafuta unyevu. Wakati wa kutoka, wewe ukifunga mlango, yeye yuko getini anamuuliza mlinzi lifti ilikwama lini mara ya mwisho. Kwa hiyo pesa zako za ukarabati ziende kwenye pampu, tangi na unyevu. Kabati jipya la jikoni halimdanganyi mtu.

Bei iwe ya kweli tangu siku ya kwanza. Nyumba iliyotangazwa juu kisha ikashushwa mara tatu hunuka shida, na wanunuzi husubiri ishuke mara ya nne. Tumia ajenti aliyesajiliwa, na mpe muda maalumu kwa maandishi. Ukiwapa maajenti saba, nyumba moja itaonekana mtandaoni kwa bei saba.

Je, usubiri soko lirudi? Fanya hesabu hii. Nyumba iko tupu, unataka milioni 12, umepewa 10.8. Unadaiwa milioni 6 kwa riba ya asilimia 14. Mwaka mmoja wa kusubiri unakugharimu kama 840,000 za riba na, kwa ada ya huduma ya 10,000, nyingine 120,000. Hata ukipata zile 12 mwakani, umebakiwa na milioni 11.04. Tofauti ni 240,000, na hiyo ni kama mnunuzi atatokea. Mimi ningeuza. Kama unaishi humo au mpangaji analipa, hesabu hubadilika na kusubiri kunaweza kuwa na maana.

Usisahau ushuru wa faida. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida halisi, kutoka 5. Lakini nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza imesamehewa. Mtu aliyekaa miaka miwili na nusu na hana haraka, avumilie miezi sita. Kwa nyingine zote, risiti za wakili na za maboresho hupunguza faida inayotozwa, kwa hiyo zitafute kwenye masanduku leo. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni wa mnunuzi, ila jua kwamba atautoa kichwani mwake kabla ya kukutajia bei.

Kwa walio Doha, London au Dallas wanaouza kutoka mbali: hati ya uwakilishi mpe wakili, iandikwe kwa mauzo ya nyumba hiyo moja tu, na pesa ziende moja kwa moja kwenye akaunti yako. Ndugu abaki na kazi ya kufungua mlango.

Mwisho ni namna ya kulipwa. Kawaida ni asilimia 10 wakati wa kutia saini na salio ndani ya siku 90. Soko likipoa utapata mnunuzi anayetaka kulipa kwa awamu za mwaka mzima huku akiishi humo. Usikubali kumpa funguo kwa amana. Akitaka kuhamia mapema, mwekee mkataba wa upangaji unaojitegemea, wenye kodi yake ya kila mwezi, na hati ibaki kwa wakili wako mpaka shilingi ya mwisho iingie.